Kabla ya kununua dawa ya kikohozi, leta makohozi



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama, mkanda na vumbi. Leo nitaongea nanyi juu ya rangi. Si rangi ya kupaka ukuta. Ni rangi zinazokaa katika chupa ndogo ndogo mle laboratwari, na ambazo bila hizo munganga anatibu kama mtu anayetembea shimoni bila taa.

Nina neno moja la kuwaambia, nami nalisema tangu mwanzo: mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, makohozi yake yapimwe kwanza, dawa ifuate. Anayefanya kinyume anapoteza mali yake, na anawaweka hatarini watu wanaolala naye chini ya paa moja.

KWA NINI RANGI?

Mikrobi ya kifua kikuu, yaani TB, ni ndogo sana. Ukipanga 300 hivi, moja nyuma ya nyingine, ndipo utafika milimita moja. Tunayo mikroskopi inayokuza kitu mara 1,000. Lakini kukuza peke yake hakutoshi, kwa maana mikrobi haina rangi yake. Mwanga unapita ndani yake kama unavyopita katika maji. Ni sawa na kutafuta kipande cha kioo ndani ya ndoo iliyojaa. Tia rangi inayoshika kioo, nawe utakiona mara moja.

Mchimbaji atapenda kujua rangi hizi zilitoka wapi. Zilitoka shimoni. Karne ya 19 huko Ulaya, watu walioka makaa ya mawe ili kupata koki ya viwanda na gesi ya taa. Ilibaki lami nyeusi, yenye harufu mbaya, isiyotakiwa na mtu. Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alishika vitu vilivyotoka katika lami hiyo akijaribu kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Kinini hakupata. Alipata rangi ya zambarau iliyong'aa juu ya hariri. Kutoka hapo viwanda vikafunguliwa vingi. Mwaka 1859, huko Lyon katika Ufaransa, ikaanza kutengenezwa rangi nyekundu inayoitwa fuksini. Mwaka 1876, katika Ujerumani, Heinrich Caro akatengeneza bulu ya metileni. Akina mama wengi wanaijua ile bulu, maana ilitumiwa sana kupaka koo na vidonda.

Rangi hizo mbili, ile nyekundu na ile ya bulu, ndizo hadi leo zinamtafuta adui katika kifua cha mfanyakazi. Zilizaliwa kwa jasho la wachimbaji wa makaa. Basi mtu wa mgodi asizione kama kitu cha kigeni.

WALIOTUTANGULIA

Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, munganga Robert Koch alisimama mbele ya wenzake. Aliwaambia kwamba kati ya watu saba wanaokufa, mmoja anauawa na kifua kikuu. Halafu akawaonyesha mdudu mwenyewe chini ya mikroskopi, akiwa amepakwa bulu ya metileni. Kabla ya siku ile wengi walisema ugonjwa huu ni wa ukoo, au ni wa hewa mbaya, au ni laana. Kutoka siku ile ikajulikana kwamba ni mikrobi, inatoka kifuani mwa mtu mmoja na kuingia kifuani mwa mwingine kwa hewa. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe 24 Machi ni siku ya dunia ya kupigana na kifua kikuu.

Ndani ya chumba kile alikaa kijana Paul Ehrlich, mtu aliyependa rangi kuliko chakula. Mwaka ule ule alipata njia iliyo bora: kutia rangi kali, halafu kuosha kwa asidi. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaitengeneza zaidi katika miaka ya 1882 na 1883. Mpaka leo kipimo chetu kinaitwa kwa majina yao, Ziehl-Neelsen.

Sikiliza jambo moja juu ya Ehrlich. Mwaka 1887 alipima makohozi yake mwenyewe, akaikuta ile mikrobi. Hakuficha, wala hakusema amerogwa. Aliacha kazi, akaenda kupumzika Misri, maana wakati ule dawa haikuwako. Alipona, akarudi kazini, na mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel. Ikiwa mwenye kutengeneza kipimo alikubali kupimwa, wewe na mimi tunaona haya ya nini?

KAZI INAVYOFANYIKA LABORATWARI

Watu wengi wanaacha kikopo mlangoni na kwenda zao. Hawajui kinachoendelea huku nyuma, kwa hiyo hawakiamini. Basi ni vema mjue.

Kwanza tunachukua sehemu nzito ya makohozi, tunaipaka juu ya kioo chembamba, tunaiacha ikauke. Tunapitisha kioo juu ya moto ili makohozi yashike vizuri. Pili, tunamwaga fuksini iliyochanganywa na fenoli, tunaipasha moto chini yake mpaka mvuke utoke, lakini isichemke. Mikrobi ya TB imevaa ngozi ya mafuta kama nta. Joto na fenoli zinafungua ngozi ile, na rangi nyekundu inaingia. Sasa kioo chote ni chekundu: makohozi, mikrobi za kawaida za kinywa, na TB yenyewe kama ipo.

Tatu, tunaosha kwa asidi. Wale kati yenu wanaofanya kazi kwenye viwanda ambako madini ya shaba yanaloweshwa katika asidi ya sulfuriki, mnajua nguvu yake: inatoboa nguo, inachoma ngozi, inayeyusha jiwe. Sisi nasi tunaweza kutumia asidi hiyo hiyo, iliyopunguzwa kwa maji, au asidi nyingine iliyochanganywa na alkoli. Kila kitu kinapoteza rangi nyekundu. Lakini ile ngozi ya nta inaishika rangi na kukataa kuiachia. Asidi inaosha wote, TB inabaki nyekundu. Hiyo ndiyo alama yake.

Mwisho tunatia bulu ya metileni. Vitu vyote vilivyooshwa vinakuwa bulu. Ndipo tunakaa mbele ya mikroskopi na kuangalia sehemu 100 za kioo kile, moja baada ya nyingine, kabla ya kusema hakuna kitu. Zikionekana fimbo ndogo nyekundu juu ya bulu, huku kwetu karibu kila mara hiyo ni TB. Tena tunazihesabu, maana zikiwa nyingi, mgonjwa anaambukiza wengi.

Ndugu msomaji, kazi hii haiwezi kufanywa kwa macho ya mtu anayekutazama usoni. Haiwezi kufanywa na muuza dawa wa sokoni, hata akiwa rafiki yako. Akikuuzia sindano au vidonge kwa kikohozi ambacho hajakipima, anabahatisha kwa kifua chako. Baadhi ya antibiotiki zinapunguza mikrobi ya TB bila kuiua yote. Kwa siku chache unajisikia vizuri. Kisha ukija kupimwa, zimebaki chache ambazo hatuzioni, nazo zinaanza kuizoea dawa. Umelipa pesa ili ugonjwa wako ujifiche.

MAKOHOZI SI MATE

Sasa niseme na ninyi juu ya kikopo. Rangi haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakimo. Mtu akituletea mate meupe ya kinywani, tutapima mate, nasi tutajibu hakuna mikrobi. Atarudi nyumbani na furaha, na kumbe TB inaendelea kumla.

Fanya hivi. Asubuhi, kabla ya kula bukari au kunywa chai, sukutua kinywa kwa maji matupu. Toka nje mahali penye hewa, mbali na watoto. Vuta pumzi kwa nguvu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotoka kizito, hicho ndicho tunachotaka, karibu kijiko kidogo kimoja. Funga kikopo vizuri, nawa mikono, ukilete siku hiyo hiyo. Kwa kawaida tunaomba mara mbili: moja papo hapo unapokuja, na moja ya asubuhi.

Tena kuna watu wanaoleta makohozi ya ndugu yao au ya jirani badala ya yao, ili jibu liwe zuri. Rafiki, unamdanganya nani? Kioo kitasema kweli juu ya jirani. Juu ya kifua chako hakitasema neno.

"WATANIFUKUZA KAZI"

Najua sababu kubwa inayowafanya watu wafiche. Mtu anawaza: wakiona TB watanitoa shimoni, mshahara utapungua, watoto wataacha masomo, na jirani hawatakunywa tena katika kikombe cha nyumba yangu. Sitacheka hofu hiyo. Mtu anayelisha watu wanane ana haki ya kuogopa.

Lakini tupige hesabu pamoja, kama tunavyopiga hesabu ya mshahara mwisho wa mwezi. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Katika nchi yetu dawa hizo zinatolewa bure kupitia programu ya taifa ya kupigana na kifua kikuu. Anayezimeza vizuri, mara nyingi baada ya wiki chache tu haambukizi tena, na karibu wote wanaomaliza miezi 6 wanapona na kurudi kazini. Anayeficha naye atafikishwa hospitali siku moja, lakini atafika amebebwa, amepoteza nguvu, na sehemu ya pafu imekwisha kuoza. Pafu lililooza halirudi. Sasa niambie: ni nani kati yao anapoteza kazi? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Tena mfikirie mtoto wako. Watu wazima wengi wakiivuta mikrobi, mwili wao unaifunga isiwasumbue. Mtoto wa chini ya miaka 5 hana nguvu hiyo. TB kwake inaweza kupanda hadi kichwani na kumuua upesi. Chanjo ya BCG inamsaidia, lakini haiwi ukuta mzima. Baba akipimwa mapema, watoto nao wanaangaliwa na kupewa dawa ya kuwakinga. Baba akificha, mtoto ndiye atakayelipa.

Na ninyi makapita na wakubwa wa timu, neno hili ni lenu pia. Mtu wa timu yako akikuomba saa mbili ili apeleke kikopo, mpe bila kumwuliza maswali mbele ya wenzake. Ukimwita "mtu wa TB" kwa mchezo, kesho wengine watano watafunga vinywa, nao watakohoa karibu na wewe ndani ya lifti ya shimo. Kwa maoni yangu, kapita anayemtania mgonjwa ni hatari kwa timu sawa na yule anayezima pampu ya hewa. Nasi wa hospitali tunalo deni letu: jibu la kipimo ni siri ya mgonjwa. Lisitajwe mlangoni, wala kwenye foleni.

VUMBI NA JIBU LA "HAKUNA KITU"

Watu wa shimo tuko katika hatari kupita mwuza duka. Vumbi la jiwe lenye silika linaingia ndani kabisa ya pafu na kuacha makovu: ndiyo silikozi. Askari wa mwili wanaomeza mikrobi wanakufa kwa vumbi lile, nayo TB inapata njia. Mtu mwenye silikozi anashikwa na TB kwa urahisi kuliko mwenzake, na hatari hiyo inamfuata hata akiwa amekwisha kupata pensheni. Mwenye virusi vya SIDA ndivyo vilevile. Kwa hiyo ulowesha jiwe kabla ya kutoboa, uvae maski yako, wala usikubali kusema "hiki ni kikohozi cha vumbi tu" mpaka kipimo kiseme.

Lazima niseme kweli yote: rangi nayo ina mpaka. Ili fimbo nyekundu zionekane, yapasa kuwe na mikrobi kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Zikiwa chini ya hapo, kioo kinaweza kuonekana safi na hali mtu ni mgonjwa. Tena rangi haitambui mikrobi iliyo hai na iliyokufa, wala haijui kama imezoea dawa. Kwa sababu hiyo maabara nyingine zinatumia rangi ya auramini, inayong'aa manjano chini ya taa maalumu na kufanya kutafuta kuwe rahisi. Na tangu Desemba 2010 OMS, Shirika la Afya la Dunia, ilikubali mashine ya GeneXpert. Inatafuta alama za ndani kabisa za mikrobi na kutoa jibu karibu saa mbili, pamoja na kusema kama dawa ya rifampisini itafaa. Mahali ilipo, ndiyo inatangulia leo. Hata hivyo, mashine hiyo nayo ndani yake inasoma rangi zinazong'aa. Na mgonjwa akiwa katika dawa, tunarudi kwenye fuksini na bulu ili kuona kama fimbo nyekundu zinapungua.

Basi ukijibiwa "hakuna kitu" na bado unakohoa, unakonda, unatoka jasho usiku au unatema damu, usikae. Rudi. Omba kipimo kingine na picha ya kifua.

RANGI ILIZAA DAWA

Kuna wanaouliza: rangi inaonyesha tu, lakini inaponya nini? Imeponya wengi. Ehrlich alijiuliza hivi: ikiwa rangi inaweza kuchagua mikrobi na kuacha nyama ya mtu, kwa nini tusipate dawa inayochagua namna hiyo? Mwaka 1891 yeye na mwenzake Paul Guttmann walitibu wagonjwa wawili wa malaria kwa bulu ya metileni, wakapona. Kutoka kwa rangi za jamaa ya bulu ya tripani ikapatikana suramini, dawa ya ugonjwa wa usingizi uliosumbua sana Kongo yetu. Kutoka kwa rangi nyekundu iitwayo Prontosil, katika miaka ya 1930, Gerhard Domagk akafungua njia ya dawa za sulfa.

Hata jina la jiwe letu limo. Tukipanda mikrobi ya TB ili ikue katika chupa, chakula chake kinatiwa rangi inayoitwa kijani cha malakiti, ili mikrobi nyingine zisiote. Ndani yake hakuna shaba hata kidogo. Waliipa jina hilo kwa sababu inafanana na malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua vizuri hapa Katanga.

Onyo dogo la usalama: rangi za laboratwari si dawa za nyumbani. Fenoli inachoma ngozi. Bulu ya metileni ikinywewa bila munganga inaweza kuharibu damu ya watu fulani. Msikubali mtu awauzie chupa kama hizo.

Na moja la kuwatuliza mnaoanza matibabu: rifampisini inafanya mkojo, jasho na machozi kuwa ya rangi ya machungwa. Si damu. Usiogope, wala usiache dawa kwa sababu hiyo.

Nafunga kwa kila mmoja wenu. Baba, ukikohoa wiki mbili, njoo na kifua chako mwenyewe, si na pesa ya sokoni. Mama, wewe unasikia kikohozi cha usiku kabla ya mtu mwingine yeyote. Usingoje ruhusa ya bwana, mlete. Kijana, mpeleke babu aliyestaafu, maana vumbi la zamani bado limo kifuani mwake. Kikopo kinatolewa bila malipo, na anayekuja kukichukua hataulizwa kwa nini alichelewa.